Gayogayo wa Bi Chiku Hamdani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Wa Kisiwani, wa Usangi, na ninyi mnaofunga vibanda vyenu hapa Same mjini, kaeni nami kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Chiku Hamdani, fundi wa maabara ya shule, aliyetutoka wiki tatu zilizopita kwa ugonjwa wa figo. Bi Chiku Hamdani. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Nawaambia ukweli, mwaka huu nimechoka kusoma tanzia, ila hii nimeiomba mwenyewe.

Mumewe ni Mzee Idrisa, muuza samaki pale sokoni. Mnamjua. Samaki wake hutoka Tanga kwa basi, wachache kwenye barafu, wengi ng'onda, wale waliopasuliwa, wakapakwa chumvi na kuanikwa juani. Kisa chenyewe kilianza na mama mmoja kutoka milimani. Alinunua samaki bapa, akafika kwake, akamgeuza. Upande mmoja macho mawili. Upande wa pili mweupe, hamna jicho. Kesho yake akashuka naye, uso kaukunja.

"Umeniuzia nusu! Nusu nyingine umempa nani?"

Jamani, soko zima lilicheka! Huku kwetu samaki tumemzoea akiwa keshapasuliwa, kwa hiyo bapa tukamwona kipande. Idrisa akampa mama wa watu samaki mwingine ili yaishe, na yule bapa akampelekea paka nyumbani. Bi Chiku akamnyang'anya paka.

"Huyu ni gayogayo," alimwambia mumewe. "Ni mzima huyu. Akiwa mdogo ana jicho huku na jicho huku. Akikua, la kulia linahamia kushoto."

"Hata jicho linahama mji?" Idrisa akauliza.

"Linahama, na wewe cheka tu."

Bi Chiku akafungua kitabu cha samaki cha maabara. Hakumwona. Alikuwamo mmoja wa kufanana naye, lakini madoa mengine, magamba mengine. Ndipo akamwagiza mumewe: gayogayo yeyote akija kwenye barafu, asiguswe na kisu. Miaka tisa, wasikilizaji. Kwa miaka tisa alipata sita tu ambao mapezi yao hayakuchanika. Sita. Aliwaweka kwenye fomalini, kisha kwenye spiriti, kila mmoja na chupa yake, na ndani ya chupa kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli.

Kumtambua samaki mpya, ambaye wataalamu hawajamwandika bado, kunataka hesabu. Pezi la mgongoni la gayogayo linaanzia karibu na jicho, linakwenda hadi karibu na mkia, na limeshikiliwa na vijiti vyembamba kama nywele. Bi Chiku alivihesabu kwa ncha ya pini, kimoja kimoja, mara tatu kwa kila samaki. Yule wa kitabuni vijiti vyake huanzia tisini na mbili kwenda juu. Wa Bi Chiku, watano wa kwanza wote, havikufika tisini. Mwalimu Veneranda wa biolojia, mtu wa Usangi, akamsaidia kuwaandikia wataalamu wa samaki. Wakajibu: tuleteeni hesabu za wote sita, tukiridhika tutamwandika kuwa ni samaki mpya.

Sasa huyo wa sita. Hesabu ya kwanza, tisini na moja. Ya pili, tisini na mbili, sawa na yule wa kitabuni. Na hapo ndipo mwili ulipogoma. Alikuwa anakwenda hospitali kusafishwa damu, anarudi mikono inatetemeka, pini inaruka kijiti. Veneranda alimhurumia.

"Dada Chiku, andika tisini na moja upumzike. Nani atakuja kukagua?"

"Samaki mwenyewe yumo chupani," alijibu Bi Chiku. "Imebaki mara moja tu."

Hakuwahi. Alifariki alfajiri ya Jumanne, na siku hiyohiyo alasiri tukamzika.

Matanga yalipokwisha, Mzee Idrisa akaishusha ile chupa kabatini. Binti yao, Yasmini, amenisimulia: "Baba alivaa miwani ya mama. Akaomba dua iwe tisini na moja. Nilimsikia kwa masikio yangu." Alianza asubuhi, adhuhuri ikamkuta hapohapo. Mgongo ulimuuma. Machozi yakamziba macho, akapoteza hesabu, akajifuta, akarudi kijiti cha kwanza. Alitaka samaki yule awe mpya kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Miaka tisa ya mkewe ilikuwa inategemea kijiti kimoja.

Akapata tisini na mbili.

Na akaandika tisini na mbili. Chini yake akaandika: hesabu ya tatu, Idrisa, mumewe, kwa kuwa mwenyewe hayupo. Yasmini alilia, akamuuliza kwa nini asimsaidie mama kidogo tu. Mzee akamwambia, "Nikimwandikia mama yako uongo, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Majibu yamekuja juzi. Wataalamu wanasema hesabu hizo hazitoshi kumpa samaki jina, wala hazitoshi kumkataa. Wanataka samaki wengine wa kuhesabu. Basi gayogayo wa Bi Chiku hana jina hadi leo. Mzee Idrisa karudi sokoni, kakonda, kachoka, hata kupiga kelele za kuita wateja hawezi. Lakini makasha ya barafu yakishushwa kwenye basi, anayafungua mwenyewe.

Mzee wetu Idrisa, binti yetu Yasmini, Mwalimu Veneranda, poleni sana. Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Amrehemu Bi Chiku, ampumzishe, maana alichoka. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, kila mmoja aitazame kazi aliyoiacha mezani leo. Kama umeandika tisini na moja, na moyoni unajua ni tisini na mbili, kesho asubuhi kafute.