Bia ya Australia Ilihitaji Mwonjaji

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka langu la fotokopi, kwenye barabara inayoshuka kutoka sokoni Machakos. Alasiri, kivuli cha jengo kikishalifunika, wazee watatu huja kulikalia. Wathome tunamwita Bibisi, kwa sababu hulala na redio sikioni. Ndeti ni Daktari, anauza dawa za ng'ombe. Njogu ni Meja, bawabu anayevaa koti la jeshi ingawa hajawahi kuwa mwanajeshi. Syombua huwauzia kahawa kutoka kwenye thamosi yake kubwa, na kahawa ikiisha, benchi nalo huvunjika, kila mtu akaenda zake. Mimi hukaa kwenye kigoda mlangoni ili niisikie simu. Alhamisi ile ya Desemba, mwaka 2000, katikati ya wazee palikuwa na mkebe mmoja wa bia ya Australia, na mimi nilikuwa nauogopa.

Mwezi uliotangulia, pombe yenye sumu ilikuwa imeua watu wengi Nairobi, na waliopona wengine walipofuka. Tangu siku hizo hata mtu aliyezoea kulewa alinusa glasi mara mbili. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja, wajomba wa Titus, mchumba wangu, walikuwa waende kwa baba yangu kule Muthetheni na mbuzi watatu wa ntheo, wale wanaofanya msichana ahesabiwe kuwa mke. Mbuzi huenda na pombe. Titus yuko Perth anasoma, na badala ya uki, pombe yetu ya asali, alikuwa ametuma katoni nzima ya bia kwa mkono wa mtu wa kanisa lao aliyekuwa anarudi nyumbani. Ndugu yake Levi aliniletea mkebe mmoja niuone. Niliusoma wote, hadi maandishi madogo ya chini: mililita mia tatu sabini na tano, kilevi asilimia nne nukta tisa, imepikwa Australia. Sikupata kosa lolote, na bado sikulala vizuri.

Bibisi aliuinua akaugeuza kama mtu anayekagua yai.

— Hii naijua. Hii ndio ile wanatangaza kila mahali, wanaume wa kofia kubwa na jua kali. Dunia yote inafikiria Mwaustralia amezaliwa akishika hii.

— Na si ni kweli? Daktari akauliza.

— Si kweli. Kuna mwalimu wa chuo alisoma huko, aliniambia. Kwao hawaikunywi. Kila mkoa uko na bia yake, na mtu wa mkoa huu hawezi kugusa ya mkoa ule. Hii ya sifa ni ya kupelekea wageni. Ukiagiza hii kwa baa yao, watajua wewe umetoka mbali.

Nilisema, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko nilivyotaka, kwamba jambo hilo si la ajabu. Hata kahawa nzuri ya milima hii yetu husafirishwa nje, na sisi tunabaki na ile hafifu. Meja akaangalia kikombe chake.

— Hapo umegeuza, mwiitu, Bibisi akasema. Sisi tunapeleka nje ile nzuri. Wao wanapeleka nje ile wenyewe wamekataa.

Daktari hakuweza kuachwa nyuma. Alieleza kwamba bia hukataliwa na wenyeji kwa sababu. Kwanza, akasema, huko chini ya dunia kila kitu kimegeuka, Desemba ni joto na Julai ni baridi, na kinywaji kilichochachuka upande ule kikivuka mstari wa katikati ya dunia hakiwezi kutulia tumboni. Ameona hivyo kwa chanjo za ng'ombe. Bibisi akamwambia kwamba hata Machakos iko chini ya mstari huo, akamuuliza ni chanjo gani ya ng'ombe imewahi kutoka Australia. Daktari akasema hayo ni mambo ya ndani ya kazi.

— Na kuna ile ingine, akaendelea, sasa akiinama karibu. Mbona vijana wetu wakienda huko hawarudi? Wanaweka kitu. Kidogo tu. Ukikunywa, unasahau barabara ya kwenu. Si kufa. Kusahau.

Syombua alicheka, akamwambia kwamba yeye Daktari anasahau barabara ya kwake kila mwisho wa mwezi na hajafika hata Mombasa. Wote wakacheka. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikageuka nikaitazama simu. Titus hupiga Alhamisi, akitoka kazini kule ambako tayari ni usiku. Mwanzoni alikuwa akipiga hata siku nyingine. Alikuwa amesema angerudi mwaka uliopita, kisha mwaka huu, na sasa ni wajomba na mbuzi waliokuwa wanakuja, si yeye.

Kilichoniuma si hadithi ya Daktari, ni ile ya Bibisi. Titus alikuwa amemwambia Levi kwamba ametuma bia inayonywewa na kila mtu huko. Kama wenyeji hawainywi, basi ama Titus hajui wenyeji wanaishi vipi, na zile habari za marafiki zake anazonipa ni za kupamba, au anajua, na ametutumia sisi ile ya wageni.

Meja aliweka kikombe chake chini. Aliuchukua mkebe, akaupima kwa kidole pale juu penye kishikio.

— Hii imefungwa, akasema. Kitu imefungwa na kiwanda mimi siogopi. Ile ilimaliza ndugu yangu ilikuwa ya mtungi.

Kila mtu alijua kuhusu Kiama, mdogo wake, lakini Meja mwenyewe hakuwahi kumtaja hapo.

— Aliamka akaniambia niwashe taa, Meja akasema. Jua lilikuwa limeingia mpaka kitandani.

Akaurudisha mkebe mahali pake. Nilimwambia pole. Nilimwambia pia, kwa kuwa nilihitaji kulisikia likisemwa, kwamba katoni nzima iko hivyo, imefungwa na kiwanda, mkebe kwa mkebe. Hapo ndipo Daktari alipoanza kufuta miwani yake.

— Ilikuwa, akasema.

— Ilikuwa vipi, mzee?

Aliyaeleza polepole, akimwangalia Syombua badala yangu. Levi alikuwa amepita dukani kwake Jumanne kuomba ushauri, maana hakutaka kuaibisha ukoo wao. Daktari akamwambia kwamba mzee wa Kikamba hapelekewi pombe ya uthoni kwa bati. Pombe ya kuomba msichana inakaa kwa kibuyu. Kwa hivyo jana yeye, Levi na mjomba mmoja walikaa wakafungua mikebe yote iliyobaki, wakamimina kwenye vibuyu viwili na kuviziba kwa majani, kama inavyotakiwa. Mikebe mitupu walimpa mtu wa kutengeneza koroboi.

— Heshima ilikuwa lazima iwe, akasema.

— Kwa hivyo sasa ni pombe ya mtungi, Meja akasema. Kama ingine tu.

Baba yangu alikuwa ametangaza tangu Novemba, mbele ya watu, kwamba pombe ambayo hajui mpishi wake haitaingia nyumbani mwake. Nilikuwa nimemtuliza kwa habari za kiwanda na kifuniko. Akiikataa pombe, amewakataa walioileta, na mbuzi watarudi walikotoka. Hakuna mkutano wa pili baada ya aibu kama hiyo. Na mzee mmoja tu akiumwa na tumbo Jumamosi hiyo, hata kwa nyama, jina litakalolaumiwa litakuwa langu.

Bibisi alisema dawa yake ipo, na ni ya zamani: aliyeleta pombe huonja kwanza, wenyeji wakimwangalia, akimeza ndipo kibuyu kinazunguka. Basi nani ataonja? Levi ameokoka, hagusi. Mjomba mkubwa ana sukari. Mjomba wa pili, yule aliyemimina, alikuwa amekwisha kusema kwamba ana safari ya Ekalakala Jumamosi hiyohiyo. Daktari alipotazamwa, aligundua kwamba yeye si wa ukoo ule.

Tulikuwa bado tunatafuta koo la kumeza bia hiyo shangazi yangu Mumbua alipotokea upande wa soko, kiondo begani, viatu vimejaa vumbi la Muthetheni. Wazee wakasogea. Akatusalimia, mwi aseo, tukaitika, naye hakukaa.

— Ndugu yangu amenituma niangalie hii kitu kabla haijafika kwake, aliniambia. Ni hii?

Nilimpa mkebe. Nikamweleza yote, pamoja na vibuyu, kwa sababu shangazi huyu hadanganywi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, kwa utulivu kabisa:

— Huyu kijana mwenyewe, huko aliko, anakunywa gani?

Daktari akavaa miwani yake.

— Nauliza kwa sababu, akasema. Kama anakunywa hii, basi ameonja. Mwenye kuoa ameonja, ako mzima, nitamwambia baba yako hivyo na ataelewa. Kwani anakunywa gani?

Wazee wote watatu waligeuka kuniangalia. Nilijua jina la mtaa wake, masomo yake, rangi ya koti lake la kazi, kiatu anachovaa. Aliondoka hapa akiwa hanywi kabisa, hilo nililijua. Anachokunywa sasa sikukijua.

Syombua aliinamisha thamosi juu ya kikombe cha Bibisi. Yakatoka matone, kisha machicha. Hakuna aliyeinuka.

Ndani ya duka simu ikalia.

— Si huyo? shangazi akasema. Muulize.

Niliingia na mkebe mkononi. Sauti yake ilikuwa karibu, kama mtu aliye chumba cha pili. Aliuliza kama bia imefika, kama imependeza. Nikasema imefika. Kisha nikamuuliza hivyohivyo, kwa maneno ya shangazi, Titus, wewe huko unakunywa gani.

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake, na kicheko cha mtu, kilichokuwa kikisikika nyuma yake tangu mwanzo, kikakatika.

— Kwani nani anauliza? akasema.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, akingoja nimwambie kama ameonja.