Beberu wa Kupungia Pepo

Jumanne, tarehe 8 Julai 2025, manyunyu yalianguka Ukunda tangu alfajiri, na watu wakajitanda leso kwa baridi. Ndani ya tuktuk ya Issa, Bi Mbeyu wa Waa alikuwa akijipepea, jasho likimtiririka, na beberu mweusi amelala miguuni pake.

"Shikamoo, mama," akamwambia abiria mwenzake, Bi Twaiba, bibi wa mvi asiyemjua.

"Marahaba, mwanangu. Mbona watoka jasho?"

"Mume wangu Jaafar asema ni pepo. Hunipanda kifuani, hunichoma, kisha huniacha. Nampelekea mganga beberu huyu, kesho nipungwe."

"Na siku zako?"

Mbeyu akamtazama Issa, ambaye kwa adabu alijifanya anasikiliza injini. "Mwezi wa tano huu sijaziona."

"Basi hata mimi pepo huyo alinipata. Ni umri. Somo yako hakukwambia?"

"Somo alinifungia ndani siku saba, akanifundisha damu inavyoanza. Inavyokoma hakugusia."

"Mimi nililala sakafuni miaka miwili, leso mbichi kifuani, na Mwenyezi Mungu akanivusha. Nenda zahanati, na mumeo mwambie."

"Atasema nimezeeka, aoe mwengine."

"Yeye amebakiwa na meno mangapi?"

Issa alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akasimama kwenye njia ya mganga. Beberu akainuka. Mbeyu hakushuka.

"Wallahi," akasema kwa sauti, "mbele yako mama, na Issa, na beberu huyu, narudi nyumbani, na leo hii nitamwambia Jaafar sina pepo, nina miaka hamsini."