Kompyuta ya Mama Gana

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Penka, dada wa marehemu, na ninayasoma haya nikiwa nimesimama, kwa kuwa yeye hakuwahi kukaa kwenye kiti hadi kikapata joto.

Kaka yetu mpendwa, Zhelyazko Tomov, alizaliwa tarehe 6 Mei 1961 kijijini kwetu chini ya milima ya Rodopi, mtoto wa kwanza wa Mama Gana, akasoma hapohapo, kisha chuo cha ufundi Plovdiv, akahitimu mwaka 1985 na kuajiriwa na kampuni ya kutengeneza kompyuta, ambako aliamua ni mashine gani itengenezwe kwa ajili ya nani, nyepesi kwa wanafunzi, ya bei nafuu kwa makarani, yenye nguvu kwa wahandisi, yenye mataa mekundu kwa vijana wa michezo ya kompyuta.

Alimwoa Nevena tarehe 12 Septemba 1987, wakajaliwa binti, Desislava, ambaye mwaka 2006 alikwenda Valencia kutafuta maisha, na hapo usingizi ukamruka kaka yangu, kwani Mama alimlilia mjukuu wake kila siku, na katika mashine zote zile hakukuwa na hata moja ambayo Mama angeiweza ili amwone. Mkurugenzi alimwambia, "Zhelyo, bibi kizee hanunui kompyuta, hebu kaa chini!" Hakukaa. "Hanunui yeye, bosi, anayenunua ni mtoto aliyemwacha akaenda ugenini."

Mashine ya kwanza ya majaribio, aliyopewa Mama, iliungua wiki hiyohiyo, kwa sababu Mama aliifunika kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika televisheni, redio na kila kisichotembea, wahandisi wakacheka hadi machozi, mradi ukataka kufungwa. Zhelyazko, akiizunguka meza, akauliza, "Na televisheni ya mama yako, bosi, iko uchi?" Mkurugenzi akakuna kichwa. "Haya, matundu ya hewa yahamie ubavuni." Ikatoka mwaka 2008, kamera ikiwa chini ya kioo, mahali kitambaa kisipofika, watoto wakiilipia ugenini, mama zao wakiiwasha huku.

Moyo ulianza kumsumbua Machi mwaka huu, daktari akamwamuru atulie, jambo asilolijua kabisa, akafariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, hospitalini Plovdiv.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi mliomrudisha kitandani kila alipotoroka, majirani mliochemsha ngano ya msiba, na wenzake wa kazini mliotufungia mashine hii hapa mbele, ili Mama, ambaye miguu imemkatalia kuja, awe nasi.

Mama, tunaona nyuzi nyeupe tu. Umekivuta kitambaa hadi chini kabisa tusikuone, lakini tunakusikia, mlilie tu.

Nawe kaka, hakuna tena wa kumtafutia mashine. Kaa chini sasa, upumzike kwa amani.