Friza Iliyopita Juu ya Wavu

Kijiwe chetu kipo mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, ng'ambo ya geti la ghala kubwa la bati la bluu, lile linalolisha maduka ya kampuni moja hapa Pwani na Dar, na siku hizi linalisha pia watu wanaoagiza vitu kwa simu. Benchi ni ubao mrefu juu ya matofali. Kahawa ni ya Mwanaasha, ambaye hamuuzii mtu anayezisema vibaya kashata zake. Alhamisi ile watu walikaa wamenuna, na walikuwa na haki ya kununa. Omary, dereva wa fokolifti wa ghala hilo, alikuwa amekaa katikati yetu mchana wa siku ya kazi, amevuliwa kizibao, anasubiri saa nane aitwe kwenye kikao cha nidhamu. Shitaka ni wizi. Kikao kikimkuta na hatia, kazi imekwenda, na kwa shitaka la namna hiyo hakuna ghala lingine litakalomwajiri. Anachodaiwa kuiba ni friza moja, na tuliweza kuiona kutoka pale benchini, imewekwa kama ushahidi ndani ya uzio, imefunikwa turubai kando ya kibanda cha mlinzi.

— Hebu nieleze tena, mwanangu, alisema Hamidu, ambaye anaendesha kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na ndilo jina tunalomwita. Uliipitishaje?

— Juu, alisema Omary.

— Juu ya nini?

— Juu ya wavu, Kirikuu. Nimeshasema mara ngapi.

Wavu wenyewe ni wa chuma, umelikata ghala katikati tangu mwaka jana. Kushoto ni mzigo wa maduka, kulia ni mzigo wa simu. Bidhaa ni zilezile, rangi zilezile, maboksi yaleyale. Kulia friza ziliisha. Kushoto zilikuwa zimepangwa mpaka karibu na bati. Mama mmoja wa Kisarawe alishalipia yake kwa simu, na kila asubuhi alikuwa anapiga kuuliza, mpaka Rahma, anayefungasha mizigo upande wa kulia, akawa anaijua sauti yake kabla hajajitambulisha. Kila asubuhi Rahma alitakiwa kumjibu kwamba mzigo uko njiani. Jumatatu Rahma alikata simu akalia. Omary aliona kupitia wavu. Akanyanyua friza moja kwa fokolifti, akaivusha juu, akaishusha kwenye maboksi ya upande wa pili. Wafanyakazi walipiga makofi. Kamera ilirekodi yote, pamoja na makofi.

— Ungeizima kwanza kamera, alisema Hamidu.

— Kwani nilikuwa naiba?

Silvanus alikohoa. Silvanus tunamwita Semina kwa sababu hawezi kumaliza kikombe bila kutaja moja aliyohudhuria. Ni msimamizi wa zamu mle ndani, na ni mmoja wa watu watatu watakaokaa kwenye kikao cha Omary. Hilo halikumzuia kuja kunywa kahawa ubao mmoja naye. Alikuwa amevaa fulana iliyoandikwa MWAKA WA WEPESI.

— Tatizo siyo nia, alisema. Nia ya Omary naijua. Tatizo ni utaratibu wa kuhamisha mzigo kati ya matawi.

— Matawi gani? aliuliza Mwanaasha. Si ghala moja hilo?

— Kimfumo ni matawi mawili.

— Na kwa macho?

— Kwa macho ni moja.

— Sasa huo utaratibu wenu unasemaje? Mtueleze na sisi wajinga.

Silvanus aliueleza, na nampa haki yake kwamba alisema ukweli bila kupepesa. Mzigo wa maduka ukitakiwa upande wa simu unapakiwa kwenye lori, unakwenda duka la Dar, unapokelewa, duka linasema huu umezidi, linaurudisha. Lori linakuja nao Kibaha, linazunguka nyuma ya ghala, linaushusha mlango wa kulia. Hapo ndipo unapokuwa mzigo wa simu na unaweza kupelekwa Kisarawe.

— Kwa hiyo, alisema Hamidu taratibu, friza inatoka hapa, inakwenda Dar kusalimia, inarudi hapa, halafu ndiyo inaenda Kisarawe.

— Kwa muhtasari, ndiyo.

— Mimi na kirikuu changu nikipita Kiluvya, Kisarawe nafika kahawa haijapoa.

— Lakini wewe siyo msafirishaji aliyesajiliwa.

— Haya yamekuwa matusi sasa, alisema Hamidu.

Hapo Mzee Kondo aliweka kikombe chini. Mzee Kondo aliendesha malori tangu ujana wake, sasa analima mihogo Mbwawa, na akizungumza mkono wake wa kushoto bado unabadilisha gia. Ndiyo maana ni Gia, ingawa mbele yake hakuna anayethubutu kumwita hivyo isipokuwa Mwanaasha.

— Kosa mnalitafuta siko, wanangu. Kosa ni ghala kukaa mahali pamoja.

— Ghala likae wapi, mzee?

— Barabarani. Msishushe mzigo kabisa. Malori yenu yajazwe kila kitu, friza, ndoo, magodoro, yawe yanazunguka tu. Hili Mlandizi, hili Kiluvya, hili Kisarawe. Mtu akipiga simu, lililo karibu linasimama. Duka likipungukiwa, lililo karibu linasimama. Hakuna kushoto wala kulia.

— Mafuta je? aliuliza Silvanus.

— Kwani hilo la kwenda Dar na kurudi linatembea kwa maji?

Benchi lilicheka, isipokuwa Omary. Silvanus naye alitabasamu, halafu akakumbuka cheo.

— Mnadhani wavu uliwekwa kwa ujinga, alisema. Mimi nilikuwepo. Mwaka jana mwezi wa Ramadhani mzigo ulikuwa mmoja. Zikaja chupa za chai. Watu wa simu wakaziagiza zote kabla malori hayajapakiwa. Maduka yakafungua rafu tupu, meneja wa kila duka anapiga kelele, wateja wamesafiri kutoka Chalinze huko wanakuta bei imebandikwa na chupa hakuna. Ndipo tukasema, tutenge. Kila mmoja na fungu lake.

Kwa kweli hoja hiyo ina uzito. Ugomvi wa nani ahudumiwe kwanza, aliyesafiri mpaka dukani au aliyelipa akiwa kitandani, ni ugomvi halali, na mtu mwenye mamlaka alitakiwa akae, aumize kichwa, aamue. Mwezi wa chupa za chai, maduka kwanza. Mwezi mwingine, aliyelipa kwanza apewe kwanza. Friza zikijaa kushoto, zisogezwe. Hiyo ni kazi ya kila siku, ina lawama, na anayeifanya atakosea mara nyingine. Badala yake walinunua wavu, kwa sababu wavu haulaumiwi. Kisha wakaleta mtaalamu, wakakodi ukumbi, wakatangaza mwaka wa wepesi. Nimesoma, na nimekaa kwenye kumbi za namna hiyo za kutosha kujua kwamba neno likishachapwa kwenye fulana, hakuna tena anayekusudia kulifanya.

— Semina, nilimuuliza, hizo fulana mlizipata siku ya uzinduzi?

Aliitazama fulana yake.

— Zilichelewa.

— Kwa nini?

— Ziliingizwa upande wa maduka.

Mwanaasha alilazimika kuweka birika chini. Hata Omary aliinua kichwa. Hamidu alisimama, akatembea hatua chache kuelekea barabarani, akarudi.

— Mimi nimepata, alisema. Wateja wahamie humo ghalani. Nasema kweli. Kila mteja apewe rafu yake. Akitaka friza ananyoosha mkono.

— Na akitaka kuzaa? aliuliza Mwanaasha.

— Wakunga wawekwe upande wa kulia.

— Wewe unaleta masihara, mtu anafukuzwa kazi, alisema Mwanaasha. Sikilizeni la kwangu. Hilo ghala livunjwe. Kila nyumba hapa Picha ya Ndege ipewe kitu kimoja itunze. Mimi nipeni friza. Jirani apewe godoro. Mteja akiagiza, jirani anamkabidhi mlangoni, basi.

— Hiyo friza ukipewa utaiwasha? aliuliza Silvanus.

— Nitaiwasha, itaharibika isipowashwa.

— Utaweka nini ndani?

— Maji ya kuuza.

— Na siku mteja akiitaka?

— Asubiri jua lipungue.

— Umeona, alisema Silvanus, sasa akifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Hata wewe umeshaanza utaratibu.

Mzee Kondo alikuwa ameongeza malori yake trela, na trela zikawa na ngazi za kupandia wateja, na dereva akawa anauza mwenyewe kwa kipaza sauti. Hamidu alitaka wavu uwekewe tundu, na tundu liwekewe mlinzi, na mlinzi afumbwe macho ili asijue anapitisha nini. Silvanus alipinga kila kitu, akitaja semina ya Morogoro. Sauti zilipanda. Kila mtu alikuwa na ghala lake kichwani, na kwenye ghala la kila mtu Omary hakuwemo. Nilimtazama. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani ya duka la jirani, kahawa haijaguswa.

Mwanamke mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele yetu. Mtu mzima, khanga kiunoni, mkoba begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimlipa dereva akaja moja kwa moja benchini.

— Assalaam alaykum. Shikamoo baba.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Mzee Kondo.

— Samahanini. Naulizia ghala la watu walioagiza kwa simu.

— Hilo hapo, mama, alisema Mwanaasha. Kaa kwanza, upumue. Unatoka wapi?

— Kisarawe, alisema akikaa. Naitwa Sikudhani. Nililipia friza, kila siku naambiwa iko njiani. Leo nimesema hiyo njia niende nikaione mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Hamidu alinyoosha kidole kuelekea getini.

— Friza yako ile pale, mama. Chini ya turubai.

Aliitazama. Alitaka kuinuka, Mwanaasha akamshika mkono akamsimulia yote, wavu, kamera, lori la Dar, kwa maneno machache na makali. Sikudhani alisikiliza bila kukatiza. Mwishowe alimgeukia Omary.

— Ndiye wewe?

— Ndiye mimi, mama.

— Na wanakufukuza leo?

— Tunasubiri kikao. Saa nane.

— Kosa lako nini?

Omary alimgeukia Silvanus. Silvanus ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, akiwa anakitazama kikombe.

— Wizi, mama.

— Wewe ni nani, mwanangu?

— Mimi ni mmoja wa wanaokaa kwenye kikao.

— Alhamdulillahi, basi wewe unajua. Mimi nimelipa au sijalipa?

— Umelipa.

— Kuna duka limekosa friza kwa sababu yangu?

— Hapana. Zimejaa.

— Na ile pale imetoka nje ya uzio wenu?

— Haijatoka.

— Sasa kamwibia nani?

Silvanus alifungua mdomo. Ilikuwa wazi kwamba jibu la kikao, kwamba kaibiwa kampuni, alikuwa nalo, lilimfika mpaka kwenye meno, akalionja akaliacha. Alisema:

— Siyo mtu hasa. Ni mfumo.

— Haya. Niitie nje huyo Mfumo nimtake radhi.

— Hawezi kuitwa, mama. Siyo mtu.

— Nimekuuliza kaibiwa nani, unaniambia siyo mtu. Huyu aliyekaa hapa ni mtu. Mimi ni mtu. Kamwibia nani?

Mkono wa Mzee Kondo uliinuka kutafuta gia, ukabaki hewani, ukarudi gotini. Hamidu alikuwa anachora chini kwa ncha ya ndala. Mimi, ambaye nilikuwa nimeshatunga kichwani aya nzima juu ya wavu na lawama, niligundua kwamba tangu tukae pale tulikuwa tumejenga maghala manne na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hilo. Mwanaasha alimwangalia Silvanus kwa namna ambayo nisingependa niangaliwe.

Mlinzi alifungua geti dogo, akaita.

— Omary. Wanakuita.

Omary aliinuka. Alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu.

— Na wewe Semina, aliendelea mlinzi, wenzako wamekaa, wanakungoja wewe tu ndiyo waanze.

Silvanus hakusogea. Alikuwa amemkazia macho yule mama, kana kwamba jibu lingeweza kutokea usoni kwake.

— Waambie nakuja.

— Unakuja lini? Wana hasira.

— Mwache, alisema Sikudhani, akijiweka sawa ubaoni na kuupakata mkoba wake. Mwache afikiri vizuri. Mimi biashara yangu ni samaki, na walishaoza juzi. Sina haraka tena.