Maître Bertin Bahizire Aunganishwa na Familia Yake

Sasa hivi binti yangu Inès, wa miaka miwili, amejigonga muhuri wa kabine, yaani ofisi yetu ya sheria, kwenye goti: REÇU, yaani imepokelewa. Ni muhuri uleule ambao wakili wetu, Maître Bertin Bahizire, ameutumia miaka 31 hapa Saint-Josse, Brussels. Leo, tarehe 27 Juni, anastaafu, nami, sekretari wake, ninaandika haya ya kumuaga.

Maître alitoka Bukavu, Kivu ya Kusini, na diploma ya sheria ambayo huku haikutambuliwa. Akarudi shuleni na mvi zake mbili. Kazi yake ikawa moja tu: kuunganisha familia. Mke yuko Uvira, mume yuko huku Ixelles. Maître anaandikia serikali, anangojea, anaandika tena, mpaka mtu anashuka kwenye ndege. Mimi nilishuka hivyo. Ndiyo maana ninapokea simu zake kwa furaha.

Nyumbani kwake Evere hakuna wa kuunganisha, wote wapo. Aliyekosekana ni yeye. Kwenye arusi ya binti yake Chloé alifika mbio na joho la mahakamani, wageni wakadhani ni padri wa pili. Dan, mwanawe, akitaka kuongea na baba anapiga simu hapa, nami ninampa rendez-vous, siku na saa ya kuonana, kama mteja. Mara moja nilimpa ya wiki tatu mbele. Alishukuru sana.

Kustaafu ameahirisha mara tatu. Bon, mwezi wa pili mke wake, Maman Pétronille, akaleta bahasha kama mteja yeyote: cheti cha ndoa na picha za familia, zile ambazo Maître huwadai wateja wote ili serikali iamini kwamba mume na mke wanaishi pamoja kweli. Nikamwandikia Maître muhtasari, bila majina, maana Maman alinikataza. Picha 60. Mume yuko kwenye mbili, na katika moja ni kiwiko tu.

Maître akasoma, akatikisa kichwa.

« Hii dosiye iko faible, haina nguvu, Riziki. Batakataa. Hawa bantu habaishi pamoja. »

« Ni yetu, papa, » Maman akajibu kutoka kwenye kiti cha kungojea. « Minakupa mpaka mwezi ya sita. Kisha minaenda kukaa kwa Chloé, na sitarudia ku nyumba. »

Katika miaka 31, ndiyo kesi pekee ambayo Maître hakukata rufaa.

Maître, asante. Wengi wetu tunalala nyumba moja na watu wetu kwa sababu wewe hukulala. Sasa tunakutakia asubuhi ndefu mezani na Maman, chai isiyopoa, simu iliyozimwa, na

Maman ananiita kutoka mlangoni: « Riziki, kuja mbio! Kuko client mu ngazi, na huyu papa ameisha vula koti, anataka kumupokea! Funga mulango! » Donc ninakwenda kufunga, nikirudi nita