Mwalimu Aliyebisha Madirisha Alfajiri

Sabato njema, ndugu zangu. Mzee wa kanisa amenionya niwe mfupi, ati chakula kinapoa. Nitajaribu. Lakini leo naongea juu ya mama yangu, na wale aliowafundisha wanajua hakuna mtu aliyewahi kumharakisha.

Nusu yenu mlishika kalamu mara ya kwanza yeye akiwa amewashika mkono. Na mnakumbuka tabia yake ya asubuhi. Kabla jua halijatoka anapita nyumba kwa nyumba na buti zake za mvua, anabisha dirishani, "Amkeni! Mtachelewa!" Mzazi akimficha msichana abaki kuchuna chai, mama anavuta kiti na kukaa hapo hapo mpaka yule msichana atoke na sare. Shuleni anakagua kucha, na asiyekunywa uji anapewa wa thamosi yake mwenyewe. Mimi wa kumzaa nikirudi nyumbani naikuta ile thamosi tupu. Nilikuwa naona wivu sana.

Akastaafu. Baba akafa, dada zangu wakaolewa mbali, mke wangu naye akaenda zake, na hayo tuyaache. Nikabaki mimi na mama na chai yetu. Ndipo akaanza kupotea. Kwanza aliweka chumvi kwenye chai, tukacheka. Baadaye akaniangalia mezani akaniuliza, "Wewe kijana, mama yako ni nani?" Hapo sikucheka tena.

Akina mama wa jirani walikuwa wakija kumwogesha, Mungu awabariki. Kisha mama akarudia ile tabia yake. Alfajiri anaamka, anatoka na shimizi tu, wakati mwingine hata hiyo hana, anapita kwa watu akibisha madirisha. Nilifunga mlango kwa waya. Akapitia dirishani, na umri ule! Nyinyi mnajua sisi Wakisii tunamwitaje mtu anayetembea hivyo milangoni mwa watu kabla ya mapambazuko. Mimi hilo neno sikulitaka hata kulifikiria.

Sasa, nyumba moja hapo chini alikobisha, mtoto wao akashikwa na homa kali, akalazwa hospitalini. Jamani! Kuanzia siku ile hakuna mwanamke aliyekanyaga kwetu.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna siku mtu anamalizika akiwa bado anapumua. Mila yetu mnaijua. Mwanamume aliyetahiriwa haingii chumba cha kulala cha mama yake, sembuse kumwona bila nguo. Hiyo ni chinsoni, ni heshima na aibu kwa pamoja, tumelelewa nayo. Na mama yangu alikuwa amejichafua, yuko kitandani tangu jana yake, analia kama mtoto mchanga. Nilisimama mlangoni na beseni mpaka maji yakapoa. Nikamwita mama jirani. Kimya. Na moshi wa jiko lake nauona! Basi nikafumba macho nikaingia. Nikamwosha kwa kupapasa, huku yeye ananipiga mikono akilia, "Mwanaume huyu ni nani? Mtoeni!" Nikamwambia Mungu, kama uko, mchukue leo, na unichukue mimi pia. Ndiyo, nilisema hivyo, msiniangalie hivyo.

Hakutuchukua. Siku iliyofuata ikavuma kwamba yule mtoto aliyelazwa amekufa. Ulikuwa uongo, lakini nani angengoja kuuliza? Mchana nikaona watu wanapanda kupitia shamba letu la chai, wengine na mipini ya majembe, na mmoja, mtu niliyesoma naye, amebeba jerikeni. Harufu ya petroli ilifika kabla yao.

"Toka hapo mlangoni! Sisi na wewe hatuna shida," wakasema. "Tupatie huyo omorogi, huyo mchawi."

Sasa lile neno likawa limesemwa, nyumbani kwa mwalimu.

"Ni mgonjwa," nikasema. "Mama yangu ni mgonjwa!"

"Ugonjwa gani unatembeza mtu uchi? Kwani sisi ni wajinga?"

Jiwe likavunja dirisha.  Nilikuwa nimeshika pande zote mbili za mlango, nikawa nangoja tu waniangushe. Mara nikahisi mtu anapita chini ya mkono wangu. Mama! Ametoka na shimizi yake, amewatazama wote, na uso umemchangamka.

"Mbona mmesimama? Kengele imelia."

 Akamwendea yule wa jerikeni, akamshika mkono, akaugeuza, akaangalia vidole.

"Kucha hizi! Umekunywa uji?"

Yule mwanaume, baba wa watoto, akainamisha kichwa. Midomo ilikuwa inamcheza. Akasema polepole, "Bado, mwalimu."

"Basi ingia. Usilie, uji uko."

Akaweka jerikeni chini. Wa nyuma waliendelea kupiga kelele, wengine wakimtukana yeye sasa. Ndipo yule mama jirani, yule wa moshi, akatoka katikati yao, akavua leso yake akamfunika mama mabega. "Huyu ndiye alikaa kwetu asubuhi nzima mpaka baba akaniachilia niende shule," akawaambia. "Mkimchoma, mnichome na mimi." Akanigeukia bila kuniangalia usoni. "Pasha maji moto. Nitamwogesha."

Walirudi makwao mmoja mmoja. Mtoto alipona. Mama tulimpeleka Kisii mjini, daktari akasema ni ugonjwa wa ubongo, dawa ya kumrudisha hakuna. Niliumia, lakini angalau ulikuwa na jina, na mtu angeweza kulisema mbele ya watu bila kuficha uso. Akina mama wakapangiana zamu. Mama amefariki kitandani mwake, akiwa msafi, nywele zimechanwa.

Asante, mama jirani. Asante na wewe ndugu yangu niliyesoma nawe, uliyekuwa ukimletea uji kila Ijumaa, naye anakunywesha wewe kwanza. Jina lako silitaji, kaa tu. Wapo wengine wa siku ile ambao hawajawahi kuniambia pole, na leo tumeimba nao hapa. Bado nina hasira nao, siwezi kudanganya madhabahuni. Niombeeni.

Mimi sikusoma sana kama mama. Ninachowaomba ni hiki kimoja. Ukisikia dirisha linabishwa alfajiri na ukamkuta mama wa mtu amesimama nje hana nguo, usiite watu. Mfunike. Muulize kama amekunywa uji. Kisha mshike mkono umrudishe kwao, polepole, kwa sababu kuna mtu huko ambaye amechoka sana.