Papa Libérat na Darubini ya Kwenye Kilio

Salamu kwako Papa Libérat Ngendakumana. Salamu kwa mama Anne-Marie, bibi yako, aliyetangulia kuhamia Luvungi, na kwa mugongo wake unaouma. Salamu kwa mutoto wenu Octave, kwa bibi yake Claire na mimba yake, na kwa mama mukwe wako, ambaye najua atasema tulimusahau. Kwetu Nyamianda tuko wazima. Wiki hii hata risasi zilituacha.

Leo tarehe 30 mwezi wa sita 2003, Papa Libérat anaacha kazi, anaenda kupumuzika, kiisha miaka makumi mbili na mbili kwenye nyumba ya masomo ya Kimanga. Alichunga darubini, ile mashini ndefu ya kuangalia nyota, na kazi yake ilikuwa kuonesha kila muntu mbingu. Minye napika hapo. Waliniambia niandike maneno ya kumuaga sababu namujua, na sababu directeur, mukubwa wetu, iko na kazi mingi.

Alieleza mwezi kwa Kirundi, kwa Kifuliiru na kwa Swahili yetu, na watu wa kila luga walirudi nyumbani wakisema mwezi ni wa kwao.

Vita ikaja na couvre-feu. Giza likiingia, kila muntu ndani. Nyota hazikubadilisha saa zao. Papa Libérat akaona kama ni kwenye kilio, matanga ya mufu, peke yake watu wanaachiwa kulala inje na moto. Basi akapeleka darubini kwenye kilio. Kwanza anasali, anaweka kuni zake kama wengine, kiisha anaomba ruhusa kwa wenye musiba. Kwenye bariyeri ya barabara askari waliuliza ni nini hiyo ndefu ndani ya kitenge. Akajibu ni ya kilio. Askari wakavua kofia.

Kwenye kilio ya muzee Kizito, mujane alimwambia: “Kama umeileta, minye naangalia wa kwanza.” Akaona Jupiter na miezi yake mine pembeni. “Na huyu pia iko na watoto wane, na hakuna wa kumusaidia.” Akarudi nyuma ya mustari, aangalie tena.

Siku ile risasi zililia kule mulima. Wote tukalala chini, yeye juu ya darubini. Ziliponyamaza, watu wakasimama na kubishana nani alikuwa mbele ya nani. Minye nilikuwa mbele ya jirani yangu Candide, hata leo anakataa.

Shida imebaki moja. Darubini ikionekana tu kwenye barabara, akina mama wanatoka na kuni na unga, wanauliza nani amekufa. Leo jua likizama atatuonesha Jupiter mu parcelle, kiwanja ya kazi, mara ya mwisho. Musilete kuni. Hakuna muntu amekufa.

Kesho anafuata jamaa yake Luvungi, na ile barabara ya plaine, ya kule bonde, tunajua namna iko na hatari.

Aksanti Papa. Upumuzike vizuri, ukule chakula ya moto, ulale bila kushituka. Ukifika, tuma habari mbio kwa shofere yeyote, hata neno moja. Minye nikikaa siku mingi bila kusikia, nitaanza kukusanya kuni.